Kisumu Asubuhi, Jioni kwa Guku

Jumamosi, 21 Desemba

Tuliondoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapitia Kericho na Ahero, na saa tisa alasiri tulikuwa tumeketi kwa mama, ambaye watoto humwita Guku, yaani nyanya, nje kidogo ya Chavakali, tukinywa chai. Kitinda mimba alitapika mara moja tu. Hiyo ni safari ya kila mwaka, sina mengi ya kuiandikia.

Ninayotaka kuandika ni ya Kisumu. Kila Desemba tunawaleta watoto nyumbani, na kila Desemba binti yetu mkubwa, ambaye sasa ana miaka minane, huniuliza lini tutaenda kuona ziwa. Ziwa Nakuru analijua, lile la magadi na heroe. Anataka lile kubwa, Ziwa Victoria, ambalo amesikia ng'ambo yake haionekani. Mdogo wake ana miaka mitano na kitinda mimba ana miwili na nusu. Miaka yote nimekuwa nikimjibu, "Wadogo wakikua." Mwaka huu mke wangu alisema wakishakua hawatataka tena kuandamana nasi, basi tukakata shauri.

Kulala Kisumu hatukutaka. Vyumba mwezi huu ni ghali, lakini hata vingekuwa vya bure nisingeweza kumweleza mama kwa nini wajukuu zake wanalala kwa wageni, kilomita 30 tu kutoka mlangoni pake. Kwa hivyo tutakuwa tukienda asubuhi na kurudi jioni. Mke wangu aliweka masharti: siku moja, jambo moja, giza litukute nyumbani, na kila mtoto aandikwe nambari yetu ya simu mkononi kwa kalamu, hata yule ambaye hajui kusema jina lake vizuri.

Mama alipoambiwa alikuwa akichambua mrenda. Aliuliza, "Mnaenda kumwona nani?" Kwake yeye Kisumu ni Russia, yaani ile hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti miaka ya 1960, ambayo siku hizi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga lakini huku kwetu wazee wameshikilia lile la zamani. Baba aliuguzwa pale wiki tatu mwaka 2011, mama akilala sakafuni kando ya kitanda, na alirudi nyumbani kwenye jeneza. Tangu hapo safari za mama huishia Mbale, mji wetu wa jirani. Tulimwomba twende pamoja, akasema kuku wake hawana wa kuwatazama. Hatukumsukuma.

Jumapili, 22 Desemba

Kutoka kwetu hadi Kisumu gari linateremka karibu njia nzima. Chavakali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Watoto hawakuhitaji kuambiwa. Mbale walikuwa wamejikunyata ndani ya sweta, Majengo wakafungua vifungo, na tulipofika Riat, pale barabara inapofunguka na bonde lote likaonekana mara moja, sweta zote tatu zilikuwa mapajani pa mama yao. Binti yangu alisimama katikati ya viti.

"Baba, hilo ni wingu ama ni maji?"

Makanga alimjibu kabla yangu. "Ni maji hayo, mrembo. Yanaenda mpaka Uganda."

Njiani tulivuka Ikweta. Kwenye barabara ya Busia, pale Maseno, kuna alama ambayo watu husimama kupigia picha, lakini hata sisi wa barabara ya Kakamega tunaivuka, kwani nyumbani ni kaskazini mwa mstari na Kisumu ni kusini. Niliwaambia watoto, "Sasa tumeingia nusu nyingine ya dunia." Wa kati akakishika kiti kwa mikono miwili. Safari zote zilizofuata alikishika vivyo hivyo, na hakuna aliyemwambia aache.

Kisha Mamboleo, Kondele, na Russia upande wa barabara. Nililitazama lango mpaka likapita. Mke wangu alinishika mkono bila kusema kitu.

Tulishuka Kibuye. Soko hili ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki, na Jumapili ndiyo siku yake hasa. Viatu vya Krismasi vya watoto wote watatu tulivipata katika mitumba kabla ya saa nne. Ukienda na wadogo nenda asubuhi hivyo hivyo, kwa sababu kuanzia saa tano watu wanabanana, na mtoto wa miaka mitano haoni soko tena, anaona magoti.

Jambo lililotutoa jasho ni choo. Kitinda mimba ameacha nepi mwezi wa kumi, na akisema "sasa" ana maana ya sasa. Alisema hivyo katikati ya safu za mapazia. Nilimbeba nikikimbia huku nikiuliza, mmoja akinielekeza mbele, mwingine nyuma, mpaka mama mmoja muuza ndoo akasimama, akaacha biashara yake, akanishika mkono wa shati na kunipeleka mpaka mlangoni pa choo cha kulipia. Shilingi kumi. Sikuwa na sarafu, akalipa yeye. Niliporudi kumpa pesa yake alikataa, nikanunua ndoo. Sasa tuna ndoo ya kijani kwa mama. Tangu leo nikifika mahali na watoto nitatafuta choo kwanza, ndipo nitafute kilichonileta.

Kabla ya kuondoka tulinunua gorogoro mbili za omena, wale dagaa wa ziwani, zawadi ya mama. Watoto walitaka twende ziwani sasa hivi, maana walikuwa wameliona kutoka Riat na sasa wanalinusa kwenye omena. Tulikataa. Wa kati alilia mpaka Kondele, kisha akalala. Saa nane tulikuwa nyumbani.

Mama aliipokea omena kwa shukrani nyingi, akaimimina ndani ya karai, akaweka maji ya vuguvugu na kuizungusha kwa kiganja. Akamwaga maji pole pole. Chini ya karai palibaki mchanga wa kutosha kujaza kikombe.

"Hii ilianikwa chini," alisema. "Omena inaanikwa juu ya nyavu, upepo unapita. Mmeniletea kiwanja."

Alituuliza tulinunua upande gani. Mke wangu alipoeleza, mama akaanza kuuchora Kibuye kwa kidole kwenye vumbi: hapa nafaka, hapa ndizi, hapa waliokuwa wakija na mboga kutoka Maragoli, hapa nilikuwa nakaa mimi. Najua mama aliuza ndizi alipokuwa kijana. Sikujua kwamba bado anaijua kila njia.

Jumatatu, 23 Desemba

Makumbusho ya Kisumu, kwenye barabara ya kuelekea Ahero. Yalifunguliwa mwaka 1980, na kwa familia yenye watoto wadogo sidhani kuna mahali pazuri zaidi katika mji ule. Pana kivuli, pana nyasi, ni padogo kiasi cha kumaliza kabla mtoto hajachoka, na kila hatua ishirini pana kitu kingine.

Ndani ya ukumbi kuna simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu. Kitinda mimba alimwona na kupiga kelele, nikatoka naye nje, tukakaa na makobe. Tulikaa na makobe dakika arobaini. Alimfuata mmoja kwa mwendo wake, akiinama aone uso, akimwambia "njoo." Wenzake waliona mamba katika shimo lake, chatu, kifutu na samaki wa ziwani ndani ya vioo. Mtoto wa miaka miwili na nusu alipata kobe mmoja, na usiku ndiye aliyekuwa na hadithi ndefu kuliko wote.

Kilichonishika mimi ni Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi: ghala, zizi, nyumba za wake watatu na ya mwana wa kwanza. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango. Binti yangu alitaka kujua nyumba ya nyanya iko wapi. Nilimwambia kwamba Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee, ambako watoto walilala na kupigiwa hadithi usiku. Aliuliza, "Kila siku? Hata shule ikifunguliwa?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa shule.

Tulikula mayai na viazi vitamu tulivyobeba kutoka nyumbani, chini ya mti. Saa saba na nusu tukaondoka, ingawa hakuna aliyekuwa amechoka, na nadhani ndiyo sababu ilikuwa siku nzuri. Kwenye matatu makanga aliniambia niwapakate wawili nilipe viti viwili vya watu wazima, nikakubali. Nauli ilikuwa shilingi 150 kila kiti.

Usiku binti yangu alibeba blanketi lake kutoka chumba cha wageni mpaka kwa mama. Alisema huko ni siwindhe. Mama alicheka sana, halafu nikasikia sauti yake mpaka karibu saa tano.

24 hadi 26 Desemba

Nyumbani. Kanisa, kuku wawili, ndugu zangu na watoto wao, wajukuu kumi na mmoja wakila kwenye sinia moja kubwa. Viatu vya Kibuye vilivaliwa siku moja, sasa ni vya matope.

Ijumaa, 27 Desemba

Leo tulivunja masharti yetu wenyewe. Siku zilikuwa zinatuishia, tukapanga mambo mawili: hifadhi ya Impala asubuhi, Dunga, ufuoni pa ziwa, alasiri.

Hifadhi yenyewe ni nzuri. Ilianzishwa mwaka 1992 kuwalinda swala pala waliokuwa wamebaki kando ya ziwa pale mjini, na ni ndogo, haifiki nusu ya kilomita mraba, kwa hivyo mtoto anaimaliza kwa miguu. Swala wanatembea wenyewe kwenye nyasi, na katika mabanda kuna simba, chui na wanyama wengine. Tulilipa kwa simu. Lakini Kisumu yote ilikuwa imekuja na watoto wake. Foleni ya langoni ilichukua saa nzima kwenye jua. Tumbili alimnyang'anya wa kati andazi mkononi, akabaki ameshika hewa, macho yamemtoka. Kufikia saa saba maji tuliyobeba yalikuwa yamekwisha na kitinda mimba alikuwa mwekundu machoni.

Tungerudi saa hiyo. Binti yangu alisema, "Baba, uliahidi," nami nikatafuta tuktuk ya Dunga.

Hatukufika. Mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya milima ya Nandi tangu saa sita, na mwenyeji yeyote angeyasoma. Kisumu, joto la mchana na pepo za ziwani hupandisha mawingu, na mvua ya radi huja alasiri au jioni. Ilitukuta njiani. Tulisimama chini ya kibanda cha mabati kwa muda wa saa mbili, watu wengi, watoto wakiziba masikio. Tulipofika stendi nauli ilikuwa imepanda maradufu na magari ni machache. Tulingoja mpaka saa moja usiku. Kitinda mimba alianza kuchemka mwilini tulipopita Mamboleo.

Saa tatu usiku mama alikuwa amesimama barabarani na tochi. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaweka shavu lake kwenye paji la uso wake, akaingia naye ndani.

Jumamosi, 28 Desemba

Hatukulala. Kwetu Nakuru malaria si jambo la kila siku. Huku karibu na ziwa ni jambo la kila siku, na watoto wanaokuja kutoka nyanda za juu miili yao haijaizoea. Tunalala ndani ya vyandarua tangu tufike, lakini tulikuwa na hofu, na tulikuwa na haki ya kuwa nayo. Saa moja asubuhi tulikuwa zahanati. Tone la damu kidoleni, dakika kumi na tano za kungoja, hakuna malaria. Mhudumu alisema ni jua na uhaba wa maji, akatupa chumvi za kuongeza maji mwilini na kutuambia homa ikirudi turudi siku hiyo hiyo, tusingoje kuche. Haikurudi. Saa kumi alikuwa akiwafukuza bata.

Mama hakutulaumu mbele ya watoto. Jioni, tulipokuwa tumebaki jikoni sisi watatu, alisema, "Jana mlitembea mwendo wenu. Yule ana mwendo wake."

Jumapili, 29 Desemba

Baada ya kanisa nilimwambia binti yangu kwamba ziwa tutaliacha mpaka mwaka ujao. Alikubali kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko kilio. Mama alikuwa akisonga ugali. Bila kugeuka alisema, "Kesho tunaenda asubuhi, tunarudi kabla ya mvua. Nami ninakuja. Nataka omena ya kuchagua mwenyewe."

Mke wangu alinitazama. Niliuliza kuhusu kuku. Mama akasema mtoto wa jirani anaweza kutazama kuku siku moja.

Jumatatu, 30 Desemba

Tulipanda gari la saa kumi na mbili. Mama alivaa rinda lake la kitambaa cha buluu, leso mbili, na viatu vya kanisani, na alibeba kikapu kilichokunjwa chini ya kwapa. Alikaa dirishani na kitinda mimba mapajani. Riat ilipofunguka, ziwa lilikuwa la rangi ya fedha, halina wimbi, na nilimwona akilitazama kama mtu anayehesabu.

Kondele makanga aliita, "Russia! Wa Russia!" Gari likasimama. Mwanamke mmoja wa makamo akashuka na thamosi ya uji na mfuko wa nguo safi. Mama alimshika mkono alipokuwa akipita mbele yake. "Mungu amponye wako," alimwambia. Yule mwanamke hakumjua, lakini aliitikia, "Amina, mama," na hakuuondoa mkono haraka.

Dunga iko kilomita chache kusini mwa mji, na tuktuk ilitufikisha saa moja na nusu. Ni ufuo wa wavuvi kabla ya kuwa mahali pa wageni: mashua zimevutwa mchangani, akina mama wanangoja samaki na karai zao, na mafunjo marefu yanasimama majini pande zote. Nilitafuta choo kwanza.

Hapo ndipo watoto walipomsikia nyanya yao akiongea Kijaluo. Alimsogelea mama mmoja mwenye rundo la omena iliyotandazwa juu ya wavu, akamwamkia, akauliza, "Adi?" Ikajibiwa bei, akacheka, ikajibiwa bei nyingine. Alichota kiganja kimoja, akakisugua, akakinusa. Kisha akaomba kikombe cha maji, akatumbukiza omena chache na kungoja. Wale akina mama wengine walisogea kutazama. Hakuna aliyekasirika, nadhani walimtambua kuwa mwenzao wa soko. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu huufuata mwanga, na mama aliulizia hata hilo: imetoka usiku upi. Alinunua gorogoro tatu. "Erokamano," alisema, na binti yangu akanivuta shati: "Guku alijifunza wapi?" Nilimwambia amuulize mwenyewe. Alijifunza Kibuye, akiuza ndizi, na alikuwa amekaa nayo miaka yote hiyo hatujui.

Mashua ilikuwa jambo la kuamua. Wa kwanza aliyetuita alikuwa na jaketi za kuokolea maisha za watu wazima peke yake, na alisema tuzifunge kwa kamba. Nilimshukuru na kuondoka. Jaketi kubwa humponyoka mtoto kwa juu akiingia majini, haimsaidii kitu. Tuliuliza watu wanne kabla ya kupata nahodha aliyekuwa na mbili za watoto, na niliwafunga mwenyewe, nikawainua kwa mabega ya jaketi nione kama itapanda mpaka masikioni. Haikupanda. Mama alisema yeye atabaki na kitinda mimba. Hajawahi kupanda mashua na hakuona sababu ya kuanza leo. Hatukumsukuma.

Tulingoja tena, kwa sababu magugu maji yalikuwa yameziba mdomo wa ufuo usiku kucha. Mimea hii imelisumbua ziwa tangu miaka ya 1990. Haikai mahali pamoja. Upepo huisukuma, leo imefunga Dunga, kesho iko ufuo mwingine. Nahodha alinyoosha kidole: tazama inavyosonga. Na kweli, ukitulia unaona kisiwa kizima cha kijani, chenye maua ya zambarau na ndege juu yake, kikiondoka taratibu. Wa kati aliuliza kama watu wanaweza kuishi juu yake.

Kisha maji yakafunguka, tukatoka.

Binti yangu hakusema neno kwa muda mrefu. Alikaa mbele, mikono imeshika ubao, na mimi nilikuwa nikitazama mgongo wake. Mdiria alining'inia hewani mbele yetu akipiga mabawa mahali pamoja, akaporomoka, akatoka na kidagaa. Furukombe alilia kutoka juu ya mti mkavu, ile sauti ambayo inakupita mwilini. Nahodha alizima injini, tukaelea, na mbali kidogo, kando ya mafunjo, yakatokea masikio, halafu macho, halafu pumzi. Viboko watano. Hakuwasogelea zaidi na sikumwomba. Wa kati alihesabu kwa kunong'ona, akawapata sita.

"Baba, ile milima ya ng'ambo ni Uganda?"

Nilimweleza kwamba ile bado ni Kenya. Tulipo ni Ghuba ya Winam, kidole kimoja tu cha ziwa, na mlango wa kutokea uko magharibi, huko Mbita. Ziwa lenyewe ni karibu kilomita mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6. Nyingine zote ni za Tanzania na Uganda. Aliigeuza hesabu hiyo kichwani. "Kwa hivyo bado sijaliona."

"Umeona mlango wake."

Alikubali. Alitaka kutumbukiza mkono majini, na nahodha akamruhusu kidogo tukiwa mbali na ufuo. Kukanyaga maji ya pembeni niliwakataza wote wawili, kwa ajili ya kichocho, kinachoenezwa na konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Watoto wa wenyeji walikuwa wakiogelea pale, na wangu waliwatazama kwa wivu. Sikufurahi kuwakatalia, lakini nilikataa.

Tuliporudi mama alikuwa ameketi kwenye jiwe kivulini, kitinda mimba amelala ndani ya leso mgongoni pake, na yule muuza omena kando yake. Walikuwa wakiongea kuhusu magoti.

Tulikula ngege wa kukaanga, ugali na kachumbari, na wa kati alionyeshwa kichwa cha mbuta chenye meno, akakataa kula samaki yeyote mpaka mama alipomwambia ngege hamng'ati mtu. Aliwachambulia miba wote wawili kwa vidole, tonge baada ya tonge, yeye mwenyewe akila mwisho. Saa saba kamili alisimama, akatazama upande wa Nandi ambako wingu moja dogo lilikuwa limeanza, akachukua kikapu. Safari hii hakuna aliyemwambia bado mapema.

Kwenye gari la kurudi nilimpa binti yangu kiti cha dirishani karibu na nyanya yake. Tulipokaribia Kondele aliuliza kwa sauti ndogo, "Guku, hapo ndipo Guga alilazwa?"

Nilitaka kumkataza. Mama alijibu mara moja. "Ndipo. Upande ule wenye miti. Asubuhi alikuwa akiniomba nimwinue kitandani aone vilima vya kwetu. Ukiwa hapo vinaonekana. Alikuwa akitazama kama kuna mvua, kwa sababu mahindi yalikuwa hayajapaliliwa."

"Kulikuwa na mvua?"

"Siku nyingine ilikuwepo. Siku nyingine nilimdanganya."

Binti yangu aligeuka, akavitafuta vile vilima mbele ya gari, akavipata. Mama alimwelekeza penye nyumba yetu, ambayo kwa hakika haionekani kutoka pale, na mtoto akasema ameiona. Wa kati akashika kiti kwa mikono miwili, maana tulikuwa tunakaribia Ikweta.

Mvua ilianza tukiwa tumeshafunga mlango.

Jumanne, 31 Desemba

Jua limetoka mapema. Mama amewaita watoto wote uani, pamoja na wale wa ndugu zangu, ameweka ile ndoo ya kijani katikati na karai kando yake. Amemimina omena, ameongeza maji ya vuguvugu, amezungusha mara tatu. Kisha akamwambia kitinda mimba amwage, na wakamsaidia kushika ukingo, maji yakatoka taratibu mpaka tone la mwisho.

Wote waliinama kutazama chini ya karai. Hapakuwa na punje.